Anayeuza Gari na Kuondoka: Ana Deni Gani?

Mji wetu wa Goma umezoea kuaga watu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na siku tano baadaye serikali iliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 wahame. Mwisho wa Januari 2025 M23 walipoushika mji, benki zilifungwa na uwanja wa ndege pia. Mwaka huohuo misaada ya Marekani ilikatwa, na mashirika mengi yakapunguza watumishi. Katika kila mahame ya namna hiyo huonekana jambo lilelile: magari yanauzwa. Mgeni aliyekaa miaka mingi, mfanyabiashara, msafiri aliyezunguka nchi nyingi kwa gari lake, kila mmoja asema: "Nauza, nakwenda zangu." Basi yafaa tujiulize: mtu anayeuza na kuondoka ana deni gani kwa yule anayebaki? Na yule anayebaki, je, hana deni?

Kwanza tutazame kitu chenyewe. Mtu akinunua chukudu, aona kila kitu: mbao, magurudumu, mpini. Aisukuma hatua kumi, biashara imekwisha. Gari silo hivyo. Moteri yaweza kunguruma vizuri asubuhi, kisha ikachemka njiani. Breki zaweza kushika mjini na kukataa kwenye mteremko wa Masisi. Chuma kilichopasuka kwa kugongwa na mawe ya lava chaweza kupakwa rangi kikang'aa. Mwenye gari ajua, mnunuzi abahatisha. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Zaidi ya miaka 2300 iliyopita Plato, mwenye hekima wa Uyunani, alieleza habari ya mchungaji aliyeokota pete. Kila alipoigeuza kuelekea ndani ya kiganja, alitoweka machoni pa watu; akafanya uovu mkubwa wala hakuna aliyemshika. Plato alitaka tujiulize: mtu akiwa na hakika kwamba hatashikwa, atabaki mwenye haki?

Ndugu msomaji, mwenye kuuza gari na kuondoka amevaa pete hiyo. Akishavuka Grande Barrière kwenda Gisenyi, nani atamwona tena? Fundi wa mtaani akidanganya leo, kesho atakutana na mteja wake sokoni, kanisani au kwenye kilio. Aibu humzuia. Mgeni anayekwenda zake hazuiwi na aibu, wala na polisi, wala na hakimu. Imebaki dhamiri yake peke yake. Kwa hiyo siku ya kuondoka ndiyo siku ya kumjua mtu. Haki aliyoitenda miaka yote huenda ilikuwa woga tu. Haki anayoitenda siku ya mwisho ni yake kweli.

Lakini wako wanaojitetea. Wa kwanza asema: "Mnunuzi ana macho, na alete fundi wake." Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilipima neno hilo. Akatoa mfano wa farasi mwenye jicho moja: kasoro hiyo yaonekana na kila mtu, na muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi ameshusha bei ipasavyo. Bali kasoro iliyofichika, yenye kuleta hasara au hatari, sharti isemwe. Kioo kilichovunjika ni jicho la farasi. Breki mbovu siyo. Tena fikirini nani atapanda gari hilo. Pengine mnunuzi ataligeuza kuwa teksi ya kwenda Sake, na ndani yake atakaa mama na watoto wake, ambao hawakuwapo siku ya mapatano.

Wa pili asema: "Nikitaja kasoro, bei itaanguka, nami nahitaji nauli." Ndiyo, itaanguka. Lakini bei ile ya chini ndiyo thamani ya gari lenyewe. Fedha inayozidi, iliyopatikana kwa kunyamaza, yatoka mfukoni mwa mtu aliyedanganywa. Tuiite nini ila wizi?

Wa tatu asema: "Nami nilidanganywa nilipolinunua." Pole. Lakini anayelinunua leo siye aliyekudanganya. Ukimlipiza yeye, umemwonea mtu asiye na kosa.

Liko pia jambo la karatasi. Gari lililoingia nchini bila kulipiwa ushuru, kwa kuwa mwenyewe ni msafiri au mtumishi wa shirika, haliuzwi kama debe la maharagwe. Sharti mambo yake yatengenezwe kwanza kwa watu wa forodha, ama sivyo litoke nchini pamoja na mwenyewe. Akiliuza kimyakimya, deni lamwangukia mnunuzi. Siku gari linapokamatwa, mgeni yuko mbali, na akiba ya jamaa nzima imepotea.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana mwenyeji naye ana jaribu lake. Amesikia kwamba jirani aondoka Ijumaa. Jumatatu atoa ahadi ya bei nzuri, ili jirani awakatalie wengine. Jumatano asema fedha haijatimia. Alhamisi jioni aja na nusu, akijua kwamba jirani hana njia tena. Watu humsifu: "Huyu ni mwerevu!" Je, ni werevu huo?

Tutofautishe. Kupatana bei si dhambi. Fedha ikiwa adimu mjini, kama benki zilipofungwa mwaka 2025, na wauzaji wakiwa wengi, bei hushuka yenyewe, wala si kosa la mnunuzi. Kosa ni ahadi ya uongo, na kule kuingoja shida ya mwenzio iive kama ndizi. Thomas alifundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu ya shida ya mnunuzi, maana shida hiyo si mali yake hata aiuze. Vivyo hivyo twaweza kusema: haraka ya jirani si mali yako hata uinunue kwa bei ya bure. Na Thomas aliongeza kwamba aliyepata faida kubwa katika kitu alichouziwa aweza, kwa hiari yake, kumwongezea muuzaji kidogo. Huo ni uungwana.

Basi, nini kifanyike? Muuzaji aseme ayajuayo yote mbele ya fundi, na maneno hayo yaandikwe katika hati ya mauzo. Karatasi zitengenezwe kabla fedha haijapokewa. Bei ipatanwe mapema, na neno likishatoka lisirudi. Hayo si magumu. Yataka moyo tu.

Katika mji ambao watu huondoka kwa ghafula, leo huyu, kesho wewe, uaminifu wa saa ya kuagana ni mali ya wote. Mgeni apaswa kuuacha nyuma yake, na mwenyeji apaswa kumfungia msafiri pamoja na masurufu ya njia.