Deni la Mwanafunzi

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakasema tena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Maneno hayo yametuongoza kwa miaka mingi katika mambo ya dukani na ya shambani. Aliyekopa sukari anajua alichokula, na aliyemkopesha anajua anachodai. Lakini liko deni moja ambalo naona maneno hayo hayalifikii mpaka ndani, nalo ni deni la mwanafunzi wa chuo kikuu. Tujiulize: mwanafunzi anayedaiwa ada anadaiwa nini hasa, na anadaiwa na nani?

Mtu akiweka rehani nyumba akashindwa kulipa, nyumba huuzwa. Elimu haiuziki namna hiyo. Hakuna dalali awezaye kuingia kichwani mwa mtu akatoa alichofundishwa na kukinadi mnadani. Chuo chaweza kuzuia cheti, ni kweli, lakini cheti si elimu. Basi anayemsomesha mtu kwa mkopo ana dhamana mbili tu zinazoaminika: ukweli wa daftari na dhamiri ya mkopaji. Kimoja kikiharibika, cha pili nacho hakidumu.

Zamani deni hili halikuandikwa. Katika miaka ya sabini serikali ilibeba gharama za chuo kikuu, na Mwalimu Nyerere alizoea kuwakumbusha wasomi kwamba wamelishwa na kijiji chenye njaa ili wapate nguvu za kukiletea chakula. Lilikuwa deni la heshima, la kulipwa kwa utumishi. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, na kuanzia mwaka wa masomo 1994/95 wanafunzi wakaanza kupewa mikopo. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Deni la heshima likawa deni la tarakimu. Wapo wanaosikitikia mabadiliko hayo. Mimi nasema tarakimu si adui wa heshima, mradi anayeziandika ajue anaandika nini.

Milima ya Usambara ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ilianzisha Magamba, juu ya mji wa Lushoto, chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikijulikana hasa kwa kuandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Sasa tumfikirie mzazi wa Amani, kule Usambara ya Mashariki, mchuma chai mwenye shamba dogo la iliki, ambaye binti yake anasoma ualimu huo. Ili afike chuoni, binti hushuka mlima mpaka Muheza, akapita Korogwe na Mombo, kisha akapanda mlima mwingine kupitia Soni. Fedha za baba yake nazo zimeshuka na kupanda. Humo mna iliki ya msimu mzima, mna mbuzi aliyeuzwa kabla hajazaa, mna mkopo wa kikundi cha kina mama wa jirani. Zikifika ofisi ya uhasibu, hayo yote huwa mstari mmoja: jina, namba ya usajili, kiasi, tarehe. Leja haimjui mbuzi.

Wengine watasema huo ni ukatili wa leja. La hasha, hiyo ndiyo haki yake. Kwa kuwa haimjui mbuzi, haimjui pia waziri. Shilingi elfu kumi za mchuma chai huandikwa kwa wino uleule wa shilingi elfu kumi za mwenye mabasi, na stakabadhi zao zina nguvu sawa. Maskini hana mahali pengi ambapo fedha yake huheshimiwa namna hiyo.

Taabu huanza wiki ya mitihani. Mwanafunzi amesimama dirishani, anadaiwa, na bila kibali cha uhasibu haingii chumba cha mtihani. Analia. Mhasibu ni mzazi pia, moyo unamlainika, anagonga muhuri kimyakimya na kumwambia, "Nenda mwanangu, tutaonana baadaye." Je, ametenda wema? Nyuma ya yule anayelia amesimama mwingine, asiyelia, ambaye wazazi wake waliuza mbuzi juzi ili asije akalia. Na mshahara wa mwalimu atakayesahihisha mitihani ya wote wawili unatoka katika ada hizohizo. Huruma hiyo imetolewa, lakini aliyeigharamia si mhasibu. Kumfadhili mtu kwa mali ya mwingine bila idhini yake kuna jina jingine, hata kama machozi yalikuwa ya kweli.

Hata hivyo, mhasibu mkali ambaye jibu lake ni moja tu, "Leta slipu ya benki," hajawa mwadilifu zaidi. Wanaodaiwa hawafanani. Yupo ambaye ada yake ingelipwa na Bodi, na fedha zimechelewa njiani; huyo hana kosa lolote, na kumfungia mlango ni kumwadhibu mtu kwa uzembe wa wengine. Yupo aliyefiwa na mlipaji wake katikati ya mwaka. Na yupo aliyepewa ada na mzazi akainunulia simu. Katika leja watatu hawa wanaweza kuwa na salio lilelile, mpaka senti ya mwisho. Kuwatendea sawa kwa sababu tarakimu zao ni sawa ni uvivu uliojivika vazi la haki.

Lipo jibu, nalo halihitaji kuvunja daftari. Huruma iandikwe. Wa kwanza aandikiwe kwamba fedha zake zinasubiriwa, na barua ya Bodi iwekwe kwenye jalada lake. Wa pili apelekwe kwa wenye mamlaka ya kumpa muda au kumsamehe, wafanye hivyo kwa sahihi zao, ili chuo kizima kijue kimetoa nini na kimempa nani. Wa tatu aambiwe ukweli. Huruma iliyoandikwa inaweza kuombwa na mwingine kesho mwenye shida ileile. Ya kimyakimya humfikia tu anayefahamiana na mwenye muhuri.

Nimewahi kuona katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, majina ya wadaiwa yamebandikwa ubaoni pamoja na kiasi wanachodaiwa, na vijana wakisukumana kusoma. Waliokuwa na majina pale hawakulipa mapema zaidi. Waliacha tu kupita njia ile. Siku "bumu" lilipofika, baadhi walisaini fedha zao za chakula wakiwa wameinamisha vichwa kama watu wanaopokea sadaka, kumbe ule ulikuwa mkopo watakaoulipa. Hesabu ya mtu ni siri yake. Anayetangaza deni la mwenzake kwa kuwa ana ufunguo wa kabati ametumia vibaya amana.

Ukiisha mwaka wa mwisho, zamu ya dhamiri huja. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, badala ya 8 ya awali. Mzigo huo si mwepesi, na malalamiko yalikuwa ya haki, hata mwaka 2021 serikali ikafuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Asiye na kazi hawezi kuitwa mdanganyifu. Deni lake linangoja naye anangoja. Ninayemsema ni yule mwenye kipato anayejificha, huku akisema, "Wakubwa wanakula mabilioni, kwa nini nilipe mimi?"

Nimelifikiria swali lake, maana lina uchungu wa kweli. Lakini marejesho hayamfikii mkubwa anayemlaani, hurudi kukopeshwa wengine. Anayengoja fedha zile ni kijana wa Mlalo au wa Bumbuli aliyemaliza kidato cha sita, mwenye barua ya udahili mkononi na baba asiye na mbuzi tena. Wizi wa wakubwa ushitakiwe kwa nguvu zote. Kijana yule hakushiriki, wala hastahili kulipizwa kisasi.

Wahenga walituachia neno jingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe ni mhasibu, andika kweli hata pale unapohurumia, na ukihurumia andika. Na kama ulisomeshwa kwa mkopo na leo una mshahara, uliza salio lako wiki hii.