Mama, Jipeleke Ukapimwe

Akina mama wa Peramiho, nanyi wa Lundusi, Maposeni, Litisha na Parangu, leo mtazameni yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Marko anamsimulia katika sura ya 5 bila kuficha ugonjwa wake. Waganga walikuwa wamemtesa na mali yake imekwisha. Sheria ya siku zile ilimhesabu najisi, asiguse mtu wala asiguswe. Naye akajipenyeza katikati ya umati, akanyoosha mkono, akagusa vazi la Yesu. Bwana alikuwa njiani kwenda kwa binti wa Yairo aliyekuwa kufani, na kila mtu ana haraka. Akasimama hata hivyo. Akataka mama huyo ajitokeze, aseme habari zake mbele ya wote.

Sisi tunanyamaza. Mwanamke wa miaka 47 anaamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, moyo unamwenda mbio, anadhani ni malaria, anameza dawa ya malaria. Hedhi inaruka miezi miwili, kisha inakuja nzito kupita alivyozoea. Amwambie nani? Waliomfunda alipovunja ungo walimweleza mwanzo. Habari za mwisho hakuelezwa na mtu. Basi anajifunga kanga mbili, anachukua jembe, anakwenda shambani.

Dada zangu, haya tuyaseme wazi. Msichana huzaliwa na mayai yake yote ya uzazi. Miaka inavyokwenda yanapungua, na yanapokaribia kwisha homoni ya estrojeni huyumba, halafu hushuka. Ndipo siku zinavurugika, kwa wengi miaka kadhaa, hadi zikome kati ya miaka 45 na 55. Ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, hapo sema zimekoma. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia, na wako waliojikuta na mimba wakati wanalea wajukuu.

Joto linalopanda ghafla kifuani hadi usoni, usingizi kupaa, hasira za haraka, usahaulifu, ukavu ukeni unaolifanya tendo la ndoa kuwa adhabu: mara nyingi chanzo chake ni homoni hiyo. Hakuna aliyekuroga. Na msaada upo. Kuna vilainishi, kuna krimu ya homoni ya kupaka ukeni, kuna homoni za kumeza ambazo daktari humpa anayefaa na kumkataza, kwa mfano, aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Lakini unga wa mizizi na majani ya kujiingiza ukeni, nawasihi, acheni. Vinachubua na kuleta vidonda mahali ambapo ngozi imekwisha kuwa nyembamba.

Sasa nisikilizeni kwa jambo moja kuliko yote. Ikiwa hedhi imekoma mwaka mzima, kisha unaona damu, hata tone moja kwenye nguo, hiyo si hedhi. Wapo watakaokupongeza kwamba ujana umerudi. Usiwasikilize! Damu hiyo inaweza kuwa na sababu ndogo, na inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi. Anayeweza kujua ni aliyekupima. Vivyo hivyo damu baada ya tendo la ndoa, na majimaji yenye harufu mbaya yasiyokoma. Vivyo hivyo uvimbe kwenye titi, hata usipouma. Na mara nyingi mwanzoni hauumi, ndiyo maana tunaudharau.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Huletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa mwenye kinga nzuri ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Fikirini rehema iliyomo katika miaka hiyo! Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama. Panapogeuka peupe pana mashaka, na mara nyingi panatibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto, bila kulazwa, bila kisu. Wanaolengwa hasa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU hatari yake ni mara 6, naye aanze mapema zaidi. Aulize pale pale kwenye kliniki ya CTC anapochukua dawa. Tangu mwaka 2018 serikali inawachanja wasichana dhidi ya kirusi hiki. Wapelekeni. Ila chanjo ya binti haimkingi mama yake.

Anayechelewa safari yake ni Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, akiwa na maumivu na deni.

Najua mtakachosema. Nikishapalilia. Nikishavuna. Tukishauza mahindi kwa wakala wa chakula, NFRA. Kisha fedha ya mahindi inakuja, inakwenda kwenye mbolea, ada na bati, na mwili wa mama unangoja msimu mwingine. Nduna Mkomanile aliketi katika mashauri ya Wangoni akasema, na mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji, alinyongwa Songea pamoja na wanaume aliosimama nao. Ninyi ni wa nchi hiyo. Mtashindwaje kumwambia muuguzi kwamba mnatokwa na damu?

Presha nayo ipimwe, kwa sababu hedhi ikikoma moyo na mishipa hupoteza sehemu ya kinga yake. 140 kwa 90 na kuendelea si namba ya kurudi nayo nyumbani kimya. Chumvi ipungue. Mifupa hupungua nguvu haraka katika miaka ya kwanza, basi usipa wa Ziwa Nyasa uliwe mzima na miiba yake, pamoja na maharage na majani ya maboga. Nyama na samaki tunawatengea wanaume na watoto, mama anabaki na mchuzi. Hilo likome.

Akina baba, mkeo akikataa kitandani, muulize panapouma kabla ya kumshuku. Nauli ya kwenda hospitali umpe bila kuombwa mara tatu. Ukiweza, msindikize, ukae naye kwenye benchi.

Viongozi wa WAWATA na wa jumuiya ndogondogo, hapa Peramiho tunayo Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, jirani kabisa na kanisa la abasia. Tunapita getini kwake tukienda misa. Ulizeni siku za vipimo, zitangazeni, andikeni majina ya wenye miaka 30 na kuendelea, mwende kwa makundi, kwa kuwa anayeogopa peke yake huwa hodari akiwa na wenzake wanne. Wekeni akiba ya nauli kwa wajane. Lakini wewe unayetokwa na damu leo, usingoje kundi wala tangazo. Nenda kesho asubuhi.