Kisima Kichimbwe Wapi?



Sa'd bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake, alimwuliza Mtume (s.a.w.) ni sadaka gani iliyo bora. Akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Hadi leo kisima ni katika sadaka tunazozipenda sana Waislamu, na michango yake hupatikana kwa wepesi kuliko mingine mingi. Lakini kuna swali tunaloliruka: kisima hicho kichimbwe wapi, na nani aamue?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mtoaji alichagua kijiji alikozaliwa, au msikiti ambao imamu wake anamfahamu. Hakuwa na njia ya kujua zaidi. Leo njia ipo. Programu ya QGIS hupatikana bure. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, huchorwa na yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi akiwa hapa Bujumbura anaweza kuweka nyumba zinazoonekana kwenye picha za setilaiti, akaongeza mito, njia na visima vilivyopo, kisha akaona ni kilima kipi kiko mbali na maji.

Je, uwezo huu wa kujua unatuletea wajibu? Wapo watakaosema hapana: amali huhesabiwa kwa nia, na aliyechimba mahali pasipo na haja kubwa ana thawabu zake. Ni kweli, thawabu ziko kwa Allah, wala si sisi tunaozigawa. Lakini nia ya mtoaji haimkati kiu mtu aliye ng'ambo ya bonde. Isitoshe, anayekusanya michango si mtoaji tu, ni mwenye kushika amana. Asiyejua ana udhuru. Aliyeweza kujua kwa kazi ya siku mbili kwenye kompyuta, akapuuza, udhuru wake ni mdogo mno.

Basi tuifuate ramani tu? Hapana, kwa sababu ramani nayo inaweza kutupoteza.

Kwanza, ramani hupenda duara. Vipimo vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada husema maji yasizidi mita 500 kutoka nyumbani, na pampu moja ya mkono isizidi watu 500. Mpangaji huchora duara la mita 500 kuzunguka kisima na kuwahesabu waliomo ndani kuwa wamepata. Kwenye tambarare ya Imbo huenda duara likasema kweli. Kwenye miteremko ya Mumirwa, mita 500 za kwenye skrini ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena na bidoni la lita 20 kichwani.

Pili, alama ya kisima kwenye ramani haisemi kama kisima kiko hai. Katika takwimu za vituo 59,400 vya maji nchini Tanzania, zilizotokana na Wizara ya Maji ya huko na jukwaa la Taarifa, karibu vituo 38 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi kabisa. Tunaita sadaka hii jariya, yaani yenye kutiririka. Pampu iliyokufa kwa kukosa kipuri haitiririshi kitu, na pengine kuifufua kuna haja kubwa kuliko kuchimba nyingine na kuibandika jina la mtoaji.

Tatu, umbali si sababu pekee ya kiu. Jiji letu limekaa kando ya Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, na bado kuna mitaa ambako mabomba hukauka na watu hununua maji kwa bidoni. Hapa tukumbuke kisima cha Ruma kule Madina. Maji yalikuwepo, ila yaliuzwa, na maskini hawakuyamudu. Uthman bin Affan (r.a.) hakuchimba kipya. Alikinunua kile kile na kukifanya wakfu, watu wachote bila malipo. Ramani ya umbali ingeonyesha kwamba watu wa pale wana maji. Yeye alitazama kilichowazuia kuyafikia.

Kwa hiyo ramani itupe swali, na jibu tulitafute kwa miguu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama haupo. Waliujua kwa sababu waliishi humo. Na sisi, kabla ya kuchimba, tukawaulize kina mama na watoto wanaobeba bidoni: hupita njia gani, hulipa kiasi gani, nani hushika ufunguo, pampu ikiharibika huitwa nani? Hao ndio wenye haki ya kwanza ya kusema kisima kiwe wapi.

Na ramani ikituonyesha kwamba kilima chenye kiu zaidi hakina msikiti wala Muislamu hata mmoja? Hapo ndipo amana hupimwa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuhusu mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ikiwa mbwa ana haki hiyo, jirani yetu binadamu ana haki kubwa zaidi. Si haramu kuanza na walio karibu nasi. Kosa ni kuitazama ramani, tukaiona kiu, kisha tukasogeza alama hadi mahali tutakapoonekana.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na azifanye sadaka zetu ziendelee kutiririka hata baada yetu. Amin.