Oili ya Pikipiki ya Mkataba

Mwanangu, umeniuliza oili ya pikipiki imwagwe kila baada ya kilomita ngapi, na kijiweni umeshapewa majibu manne. Mmoja kasema elfu moja, mwingine elfu tatu, wa tatu anasubiri iwe nyeusi, wa nne hamwagi kabisa, anaongezea tu. Jibu langu nitakupa, lakini kwanza ujue kinachotokea mle ndani. Namba usiyojua sababu yake utaiacha siku ya kwanza mfuko ukiwa mtupu.

Gari dogo kama Toyota IST hubeba oili lita tatu na nusu na zaidi kidogo, lina maji ya kupoza injini, na giaboksi ina oili yake mbali. Pikipiki ya cc 125 au 150 ina lita moja hivi. Haina rejeta; inapozwa na upepo na oili hiyohiyo. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, na klachi nayo imezama humohumo. Meno ya gia yanaisaga usiku na mchana mpaka inalegea na kuwa nyepesi. Ukikwama kwenye foleni ya Mbagala saa nane mchana, upepo hakuna, mzigo wa joto unabaki kwa lita ile. Tena pikipiki nyingi ndogo hazina filta ya karatasi kama ya gari, zina wavu wa kukamata chembe kubwa. Vumbi lililopenya kwenye ea klina na unga wa chuma vinazunguka na oili mpaka siku utakapoimwaga.

Kwa hiyo kwa mtu wa abiria mjini, mimi nasema kilomita 2,000, zisizidi. Kitabu cha pikipiki kikitaja namba ndogo zaidi, fuata kitabu. Kikitaja kubwa zaidi, usiishie hapo, tafuta maelezo ya mazingira magumu: vumbi, mzigo, safari fupifupi, kusimama na kuondoka. Watengenezaji huagiza oili imwagwe mapema zaidi katika hali hizo, na hizo ndizo siku zako zote. Ukiwa unapeleka watu ndani ndani kule Chanika kwenye barabara za vumbi, shuka hadi 1,500. Mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, sitaki hata kuihesabu. Hiyo inaua watu kabla haijaua injini. Pikipiki mpya kabisa ina sheria yake: oili ya kwanza inamwagwa mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinaposuguana hutoa unga mwingi.

Sasa najua utaniambia mita haifanyi kazi. Pikipiki hiyo nimeiona, waya wa spidi umekatika, kama zilivyo nyingi pale kijiweni. Basi hesabu petroli. Mjini, na abiria nyuma, pikipiki ya namna hiyo inakwenda kama kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo lita 50 ni kilomita 2,000. Kila ukijaza, andika lita kwenye simu. Zikifika 50, mwaga, uanze upya. Anayechoma lita tatu kwa siku atamwaga kila baada ya wiki mbili na nusu hivi. Na mimi hesabu hii naipenda kuliko ya mita, hata mita ikiwa nzima, maana kwenye foleni mita imesimama lakini petroli inaungua na oili inachoka.

Rangi isikuongoze. Oili nzuri ina dawa ya kusafisha, hubeba masizi, na ikibeba masizi lazima iwe nyeusi. Kinachotakiwa kukushtua ni ikigeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, imwage siku hiyohiyo. Ikinuka petroli sana, kabureta inavujisha, peleka kwa fundi. Kuongezea ni lazima pale inapopungua, ila kuongezea hakuondoi uchafu uliomo. Pima kila asubuhi, pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya kati, mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni, kipimo kitakudanganya. Wala usipitishe alama ya juu. Oili ikizidi inachapwa na krenki hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Dukani tazama maneno ya kopo: 20W-50 au namba iliyo kwenye kitabu chako, 4T, na JASO MA au MA2. Hiyo JASO MA ndiyo inayokuhakikishia klachi haitateleza. Oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi iliyozama kwenye oili inahitaji msuguano ili ishike. Oili namba 40 inayochotwa kwenye pipa, hata ukipewa bure, iache. Kopo likiisha litoboe kabla ya kulitupa, wasije wakalijaza uchafu na kumuuzia mwenzako. Na oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Iweke kwenye dumu, na mikono yako unawe kwa sabuni, maana oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi.

Linaloniuma zaidi ni hili la mkataba, la kumpelekea tajiri hesabu mpaka pikipiki iwe yako. Ulipokuwa deiwaka, injini ilikuwa shida ya tajiri. Kwenye mkataba, kwa kila hesabu utakayopeleka utakuwa unainunua injini ileile unayoiendesha, na ringi zitakazolika mwezi wa tatu zitatoa moshi wa bluu mwezi wa kumi na mbili, mkataba ukielekea mwisho. Nimewafungulia injini vijana waliokabidhiwa kadi ya umiliki wiki hiyohiyo. Silinda imekwaruzika, krenki inagonga. Mwaka mzima wa jua na mvua, na kijana anaanza umiliki wake kwa kukopa fedha za kufungua injini, wakati lita moja ya oili kila wiki mbili tatu isingemshinda.

Kwa hiyo kabla hujatia saini, muulize tajiri nani analipia oili, na jibu liandikwe ndani ya mkataba pamoja na lita zako 50. Muulize pia mara ya mwisho ilimwagwa lini, na ni oili gani. Akisitasita, usibebe abiria hata mmoja kabla hujaimwaga.