Haponi kwa Kumbatio Moja

Katika Good Will Hunting, filamu ya 1997, mtaalamu anamwambia kijana aliyeteswa utotoni kwamba kosa si lake. Anarudia, anarudia tena, mpaka kijana anamwangukia kifuani akilia. Nami hulia. Halafu namuwaza mtazamaji aliyepigwa kama yeye, ambaye alishalia, akakumbatiwa, na usiku uleule akaota ndoto ileile. Si atajiona mbovu?

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1971, haimdanganyi mtu huyo. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kidonda kinajitokeza kwanza katika kuwaogopa wanaume, baadaye katika kujitoa kwao, na hakuna anayeuliza. Ila kimya hicho nacho hakinitoshi leo, maana tiba ipo. Moshi na Bungoma ilijaribiwa kwa watoto waliofiwa na wazazi: vikao 12 vya kikundi, kimoja kila wiki, na vichache vya mtoto peke yake, vikiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Mtoto hujifunza kutulia, kutaja anachohisi, kisha husimulia kifo kile kidogo kidogo. Nafuu ilipatikana, ingawa si sawa kila mahali.

Mambo hayo yanachosha kuandika. Katika hadithi niliyo nayo mezani, msichana amefika kikao cha tano amenuna, na saa nzima anazungumzia mbuzi wa bibi yake. Mshauri anamuuliza mbuzi huyo anaitwa nani.