Aibu ya Kitu na Aibu ya Mtu

Katika vitabu vya fikihi, ambavyo wasomaji wa visiwani wamevizoea tangu chuoni, kuna mlango uitwao khiyari ya aibu. Maana yake ni kwamba mnunuzi akigundua katika kitu alichonunua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha na kurudishiwa fedha zake. Mimi si mwanachuoni, wala sikulelewa katika dini hiyo. Jambo hili nililikuta kwa njia ya kamusi, kama nilivyoyakuta mengi ya maisha yangu. Lililonishika ni neno lenyewe. Katika Kiarabu cha wanasheria, aibu ni kasoro ya kitu: ufa wa mtungi, kilema cha ngamia. Kiarabu nacho hulitumia neno hilo kwa fedheha, lakini Kiswahili kilipolipokea kiliuacha ule ufa kikabaki na fedheha peke yake. Kasoro ya kitu tukaiita ila, au dosari. Kwetu mtungi hauna aibu. Mwenye aibu ni aliyeuuza akiujua ufa wake.

Nina sababu ya kuyawaza haya, nayo si ya kujivunia.

Nakaa Lituhi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Zamani tulihesabiwa Mbinga. Tangu mwaka 2012 tuna wilaya yetu ya Nyasa. Mali yetu ni mpunga wa bondeni na dagaa wa ziwani, na soko la vyote viwili liko Songea. Kati yetu na soko hilo kuna kupanda. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Songea iko juu ya mita 1,000. Mtu hutoka mchangani akapanda mpaka Kitai, ndipo aikute barabara kuu. Mwenye gari Lituhi si tajiri lazima, lakini ni mtu ambaye wengine humngoja.

Mwaka 2016, baada ya mavuno, mimi na shemeji yangu tuliunganisha fedha zetu, nusu kwa nusu, tukanunua pikapu ya Kijapani mjini Songea kwa shilingi 7,200,000. Dalali alituambia ni namba B. Msomaji wa Bara anaelewa usemi huo: herufi za mwisho katika namba za magari yetu hufuatana kwa kadiri magari yanavyosajiliwa, hivyo watu husema namba A, namba B, mpaka leo tumefika E, kana kwamba wanataja umri. Kumbe herufi hiyo husema tu gari liliingia lini katika daftari la Tanzania. Lilizaliwa lini, na lilifanyishwa kazi gani huko lilikotoka, herufi haisemi. Letu lilikuwa limeundwa mwaka 1994.

Tulilikagua kama wanavyokagua watu wasiojua. Tulipiga mateke magurudumu. Tulifunga na kufungua milango. Shemeji aliliendesha kilomita chache katika barabara ya lami, asubuhi yenye baridi, bila mzigo. Lilikwenda kama maji mtelezoni. Nilipofika injini ilikuwa tayari ina joto, nami nikaliona hilo kuwa ukarimu wa mwenye gari, kwamba ametuwashia mapema tusisumbuke. Leo najua kwamba gari hukaguliwa likiwa limepoa, maana injini baridi haiwezi kudanganya namna inavyowaka. Na kwamba kifuniko cha oili hufunguliwa, ukikuta ute mweupe kama chai ya maziwa ujue maji yameingia mahali pa mafuta. Mambo haya hayahitaji elimu ya chuo. Yanahitaji mtu wa kukuambia, na watu wa kuniambia nilikuwa nao. Sikuwauliza, kwa sababu nilikwisha kulipenda gari. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hawakutuambia kuwa kibaya kilichopakwa rangi nacho hukaa kimetulia kama kizuri.

Safari ya tatu, kwenye kupanda, na mzigo wa dagaa nyuma, lilichemka. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekufa zamani. Fundi alipofungua rejeta alionyesha kwa kidole tope la dawa ya kuzibia, ile inayomwagwa ndani izuie uvujaji kwa wiki chache. Mtu alikuwa ameimwaga kwa makusudi. Tulilala njiani siku mbili, mvua ikanyesha, turubai likavuja. Magunia yale hayakuwa yetu. Yalikuwa ya akina mama watano waliotulipa nauli ya mzigo. Dagaa aliyekauka akinyeshewa haokoki. Mmoja wao alikuwa ameitegemea fedha hiyo kwa ada ya mwanawe, na mtoto yule alikaa nyumbani muhula mzima. Tulilipa tulichoweza. Mama mwenyewe hakupiga kelele, alisema, “Baba, gari si lako wewe kulijua ndani.” Nilishukuru kwa maneno hayo wakati ule. Baadaye yalinichoma.

Mitaani gari kama lile huitwa kimeo. Nalipenda neno hili, ingawa limenigharimu. Kimeo ni kile kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa, ambacho wazee waliamini kikirefuka humkohoza mtoto, wakamwita mkunga wa kukikata. Mtoto aweza kuwa mnene, mwenye macho maangavu. Kimeo hakionekani mpaka afumbue kinywa. Waingereza na Wamarekani gari kama hilo huliita limau. Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la malimau hayo, baada ya kukataliwa na majarida matatu, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli. Hoja yake mvuvi wa Lituhi angeielewa bila chati. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Mnunuzi kwa woga hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri huona bei hiyo inampunja, akaliondoa sokoni. Wabaki wenye vimeo. Bei ishuke zaidi. Na wazuri waliosalia nao waondoke. Hivyo uongo wa wachache huwafukuza wakweli, na mwishowe hata aliye mkweli haaminiki.

Lakini mchumi hueleza soko. Hakuniambia mimi nifanye nini. Maana tulipokwisha kutengeneza kwa laki tisa, na gari likachemka tena baada ya miezi miwili, tuliamua kuliuza.

Serikali nazo zimehangaika na jambo hili kwa njia ya umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane; Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari ya zaidi ya miaka 15; Tanzania imechagua kuyatoza ushuru wa ziada yaliyozeeka. Sina ugomvi na sheria hizo. Ila uzee ndio kasoro pekee ambayo haifichiki. Imeandikwa kwenye kadi. Gari kuukuu lililosemwa ukweli ni mali halali ya mtu maskini, nami sitaki mtu wa mjini alidharau. Walionunua uzee wakijua ni uzee hawakudhulumiwa. Mimi sikuuziwa uzee. Niliuziwa ukimya.

Na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, kwa sababu ukimya una watetezi wenye akili. Miaka kadhaa kabla ya mkasa huu nilijaribu kutafsiri, kupitia Kiingereza, sehemu ya kitabu cha Cicero juu ya wajibu, alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo. Humo anasimulia ugomvi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfanyabiashara amefika Rodo na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Anajua kuwa majahazi mengine yenye nafaka yako njiani. Je, awaambie watu wa kisiwa, bei ianguke, au anyamaze auze ghali? Antipater asema aseme yote. Diogenes asema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inataka zitajwe, asidanganye, na baada ya hapo auze kwa bei apatayo. Kwani kunyamaza si kuficha. Kisha waja kwenye nyumba: mwenye kuuza anajua kuwa nyoka huonekana vyumbani na mbao zimeoza, na hakuna mwingine ajuaye. Cicero mwenyewe aliamua kuwa wote wawili, wa nafaka na wa nyumba, hawakupaswa kuficha.

Nilihangaika siku mbili na maneno hayo mawili, kunyamaza na kuficha. Kiswahili kina la tatu lililonitatiza zaidi, kusitiri. Kusitiri ni wema. Amsitiriye mwenzake husifiwa katika dini zote za pwani na za bara. Fundi wetu, tulipomwambia tunauza, aliniambia kwa upole kabisa, “Tulisitiri tu, mzee,” akinyooshea kidole kopo la dawa ile ile ya kuzibia. Hakuona ubaya, na neno alilolitumia lilikuwa neno zuri. Lakini anayesitiriwa ni mtu, na husitiriwa dhidi ya fedheha. Bidhaa haina fedheha ya kusitiriwa. Ukiifunika bidhaa umejifunika wewe, na umemwacha mwenzako uchi.

Dawa sikuikubali. Naliandika hili si kwa kujisifu, bali kwa kuwa lilinipa kiburi kibaya: nilijiona nimekwisha kuwa mwaminifu.

Akaja mwalimu kijana kutoka ng'ambo ya Ruhuhu. Alitaka gari la kumbebea mahindi baba yake. Akaniuliza, “Mzee wangu, gari hili lina matatizo gani?” Nikajibu, “Mwalimu, ni gari la zamani. La zamani halikosi mambo yake.” Akacheka. Tukaafikiana 4,500,000.

Tazama jibu lile. Halina neno la uongo hata moja. Ni methali karibu, na mimi ni mtu ninayeishi kwa kutunga semi za namna hiyo. Diogenes angeniachilia. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kwa Waingereza, haimbebeshi muuzaji asiye mfanyabiashara dhamana ya ubora wa kitu isipokuwa katika hali chache, mnunuzi ajiangalie. Lakini aliuliza swali, na nilijua jibu, nikampa kitu kingine chenye umbo la jibu. Si kweli kwamba nilinyamaza. Nilisema ili asiulize tena. Mwenye kuficha kwa maneno ya kweli ana hatia kuliko aliyenyamaza, kwa maana ameutumia ukweli wenyewe kuwa kifuniko. Katika habari za Mtume kuna ile ya muuzaji wa nafaka sokoni: mkono ulipotumbukizwa ndani ya rundo vidole vikatoka na maji, na muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Huenda mvua ilinyesha kweli. Alichoulizwa ni kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakione.

Wiki tatu baadaye mwalimu alinipigia simu kutoka kwenye mlima. Hakutukana.

Nilikwenda kwa shemeji. Nilimwambia turudishe kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sisi nani alituambia?” Nimelifikiria swali hilo kuliko nilivyomfikiria Cicero. Lina uzito. Sisi pia tulidhulumiwa. Tulipoteza zaidi ya mwalimu. Aliyetuuzia yuko mjini amestarehe. Kwa nini mnyororo ukatike mkononi mwetu sisi wawili, tena maskini? Sikuwa na jibu la kumshinda. Nilichoweza kumwambia ni kuwa deni letu linadaiwa kwa yule wa Songea, na mwalimu si yule wa Songea. Akasema hayo ni maneno ya vitabu. Pengine. Hatujagombana, tunakula pamoja, lakini jambo hilo halitajwi mbele ya dada yangu.

Nilipiga hesabu peke yangu. Gari lile, likisemwa lilivyo, lingeuzwa milioni moja na nusu kwa mtu wa spea. Ziada ilikuwa milioni tatu. Nusu yangu milioni moja na nusu. Nimekuwa nikimlipa mwalimu kidogo kidogo, baada ya mavuno, na mara moja kwa malipo ya tafsiri. Zimebaki laki nne. Siku nilipopeleka fungu la kwanza aliniuliza, bila hasira, kama siku ile nilijua. Nikamwambia nilijua.

Mwaka jana aliniambia kuna mtu wa Ludewa anakuja Jumamosi kuliona gari, akaniuliza amwambie nini. Nilikwenda mwenyewe. Gari lilikuwa chini ya mwembe, kuku wamelala ndani ya bodi. Nilimweleza mtu yule yote: gasketi, hedi iliyochongwa, tope la dawa, mahali linapochemkia. Alisikiliza, akainama akatazama chini ya injini, akatushukuru wote wawili kwa mkono, akaondoka bila kununua. Mwalimu akaniletea kiti.