Je, Kushinda Kwatosha?

Katika habari za mchezo wa mpira liko swali moja linalowagombanisha hata watu wapole, tena hata wale watokao pamoja ibadani: Je, yafaa chama kishinde kwa mchezo usiopendeza, wa kujifungia na kuvizia kosa la mwenziwe, au ni heri kishindwe hali kimeishika desturi ya mchezo wake kama kilivyoipokea kwa wazee? Wa kwanza husema: Kombe halina macho, halijui lilipatikanaje. Wa pili hujibu: Chama kilichouza desturi yake kwa kombe kimefanya kama Esau. Sisi twaona ya kuwa wote wawili hujibu upesi mno.

Tutazame chama cha Celtic, cha mji wa Glasgow katika Uskoti. Kilianzishwa mwaka 1887 katika jumba la kanisa la Katoliki, na mwanzilishi wake alikuwa bradha mmoja wa shirika la Wamarist, jina lake Walfrid. Kusudi lake lilikuwa kupata fedha za kuwalisha maskini wa upande wa mashariki wa mji ule. (Wala tusione haya kujifunza kwa ndugu wa Kanisa lingine.) Tarehe 25 Mei 1967 chama hiki kilikutana na Inter ya Milan huko Lisbon, kugombea Kombe la Ulaya. Inter walikuwa wamelitwaa kombe lile mwaka 1964 na 1965, nao walijulikana kwa namna ya kulinda ambayo Waitalia huiita kwa neno lenye maana ya komeo la mlango. Dakika ya 7 Mazzola alitia bao la penalti, ndipo komeo likafungwa. Lakini Celtic hawakuacha kubisha. Gemmell akapata bao dakika ya 63, Chalmers naye dakika ya 84, mchezo ukaisha 2 kwa 1. Wachezaji wao wote kumi na mmoja walikuwa wamezaliwa katika mwendo wa maili 30 hivi kutoka uwanja wao. Mwalimu wao, Jock Stein, alitaka si ushindi tu, bali ushindi wa kumfurahisha hata mtazamaji asiye na upande.

Hapo wapenda uzuri hushangilia. Walakini wasisahau yaliyotokea mwezi mmoja kabla yake. Tarehe 25 Aprili, huko Prague, Celtic hao hao walijifungia mbele ya Dukla, Chalmers akaachwa karibu peke yake kule mbele, wakatoka sare pasipo bao. Kwao Glasgow walikuwa wamekwisha kushinda 3 kwa 1, basi sare ikawatosha. Pasipo mchezo ule mbaya wa Prague hapangalikuwa na Lisbon. Husimuliwa ya kuwa Stein hakuifurahia kazi ile wala hakutaka kuirudia. Lakini ndiye aliyeiamuru. Je, aliuza urithi? Hatusemi hivyo. Mtu akiisha kulima shamba, hana hatia akikesha kulilinda. Maana urithi wa chama si mapambo ya miguu. Ni deni lake kwa watu wanaotoa senti zao kuja kukitazama, na watu hao wa Glasgow hawakudhulumiwa kitu siku ile.

Tena wako wasio na urithi wa kuuza. Wagiriki, ndio Wayunani tuwasomao katika Nyaraka, walikuwa wameingia katika mashindano makubwa mara mbili, mwaka 1980 na 1994, wasishinde hata mchezo mmoja. Mwaka 2004 huko Ureno, chini ya Otto Rehhagel, waliwashinda Wafaransa, kisha Wacheki, kisha wenyeji wenyewe katika mchezo wa mwisho, kila mara 1 kwa 0, na kila bao kwa kichwa. Watu walinung'unika kwamba mchezo wao wachosha macho. Sisi twaliona nung'uniko hilo kuwa la matajiri. Yule mtumwa wa talanta moja hakulaumiwa kwa kuwa na moja. Alilaumiwa kwa kuifukia, nao Wagiriki hawakuifukia yao.

Ubaya wenyewe tuutafute kwingine. Tarehe 25 Juni 1982, huko Gijón katika Hispania, Ujerumani ya Magharibi ilicheza na Austria. Algeria walikuwa wamemaliza michezo yao jana yake, nao walikuwa wamewashinda Wajerumani 2 kwa 1. Ilijulikana ya kuwa Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, majirani wote wawili watapita na Algeria watatoka. Hrubesch akatia bao dakika ya 10. Tangu hapo wakapeana mpira polepole hata filimbi ya mwisho. Hakuna sheria iliyovunjwa. Waamuzi wa mambo hawakupata la kuwahukumu, ila tangu mwaka 1986 michezo ya mwisho ya kundi huchezwa saa moja. Anayejifungia bado anashindana. Hawa waliacha kushindana, na gharama ikalipwa na mtu wa tatu asiyekuwapo uwanjani.

Lakini wapenda uzuri nao wana jaribu lao, nalo ni majivuno. Wako wanaojisifu kwa kushindwa kwao kama Farisayo kwa kufunga kwake, wala hawamkumbuki mtunza uwanja atakayekosa mshahara chama kikishuka daraja.

Brazil ya mwaka 1982 hutajwa sana hapo. Tarehe 5 Julai, mjini Barcelona, sare na Italia iliwatosha. Falcão alisawazisha dakika ya 68, ikawa 2 kwa 2. Dakika ya 74 Rossi akatia bao lake la tatu, Brazil wakatoka. Tangu siku ile wengi husema, laiti wangalifunga mlango! Walakini bao lile lilitokana na mpira wa kona, na Wabrazil karibu wote walikuwa wamerudi mbele ya goli lao.